Mwislamu na Mkataba wa Nyumba Katika Nchi ya Ugeni

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya vijana na wazazi wao, Dar es Salaam, baada ya Swala ya Magharibi. Tunaichapisha kwa ombi la wasikilizaji.)

Baada ya Tashahud, Taawudh na kusoma Suratul Fatiha, msemaji alisema:



Nimeombwa nieleze mambo yanayowakuta vijana wetu wanapokwenda kusoma na kufanya kazi katika nchi za nje. Mara ya kwanza nilifikiri nizungumzie nyakati za Swala katika majira ya baridi, au chakula cha halali, kwani hayo ndiyo maswali ninayoulizwa kila siku tangu niliporejea. Lakini nilipojiuliza kwa ukweli ni jambo gani hasa lililoutikisa moyo wangu katika miaka mitatu niliyokaa Ujerumani, niliona halikuwa nyama wala giza la mchana. Lilikuwa ni kodi ya nyumba.

Pengine baadhi yenu mtasema hilo ni jambo la kidunia lisilostahili kuletwa msikitini. Basi nawakumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo ndani ya Sura Al-Baqara, haizungumzii Swala, wala Saumu, wala Hija. Inazungumzia deni na maandishi yake. Inaamrisha deni lenye muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika, mwenye kudaiwa ndiye atamke maneno ya mkataba, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Ndani ya aya hiyo kuna kifungu ambacho nilikisoma tangu madrasa bila ya kukizingatia: kwamba ikiwa mdaiwa ni mtu asiyeweza kutamka mwenyewe, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake, naye afanye uadilifu. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa mimi mtu yule asiyeweza kutamka.

Nilifika Ujerumani mwezi wa Septemba 2021 kwa masomo. Miezi ya mwanzo nilikaa bweni, kisha Januari 2022 mimi na mwenzangu, Mtanzania kama mimi na Mwislamu kama mimi, tukapata nyumba ndogo ya vyumba viwili katika mji wa Offenbach, jirani na Frankfurt. Tangazo lilisema yuro 620. Tukagawa kwa wawili, tukapata yuro 310 kila mmoja, tukamshukuru Mungu.

Katika nchi ile nyumba moja huwa na kodi mbili. Ya kwanza huitwa Kaltmiete, na tafsiri yake neno kwa neno ni kodi baridi. Ya pili huitwa Warmmiete, yaani kodi yenye joto. Mimi niliposoma neno baridi nilidhani wanaonya kwamba nyumba haina kipasha joto, nikamwambia mwenzangu tutanunua mablanketi. Kumbe kodi baridi ni malipo ya kuta na paa peke yake. Joto, maji, maji taka, uzoaji wa taka, bima ya jengo, kodi ya ardhi, usafi wa ngazi, hata ujira wa fundi anayekagua dohani, vyote hukusanywa katika fungu jingine liitwalo Nebenkosten, yaani gharama za kando. Fungu letu lilikuwa yuro 160 kwa mwezi. Kwa hiyo 620 ile ilikuwa 780. Na umeme wa taa na jiko haumo hata katika kodi yenye joto. Mpangaji huenda kuandikisha mkataba wake na kampuni ya umeme.

Ikafuata dhamana. Sheria yao inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana isiyozidi kodi baridi ya miezi mitatu, nayo kwetu ilikuwa yuro 1,860. Tulikopa huku na huku tukailipa yote kwa siku moja. Miaka miwili baadaye ndipo nilipojua kwamba sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya mwezi kwa mwezi, na kwamba mwenye nyumba analazimika kuiweka benki mbali na mali yake, na faida yake ni ya mpangaji. Hakuna aliyetuficha jambo hili. Tulikuwa hatujui kusoma.

Naomba niseme jambo hapa kabla sijaendelea. Wengi wetu tunadhani nchi za Ulaya zina desturi ya kuwanyonya wapangaji kwa sababu zinadai fedha nyingi mwanzoni. Hapa kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali aliyekupeleka naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Kule, tangu Juni 2015, dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na yule aliyemwita, na aghalabu huyo ni mwenye nyumba. Sisemi hivyo kuwasifu. Nasema hivyo kwa sababu malalamiko yangu kule yalikuwa makubwa kuliko dhuluma niliyofanyiwa, na hilo ndilo ninalotaka mlisikie.

Tulitia saini. Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na tatu, kwa Kijerumani cha sheria, ambacho hata Mjerumani wa kawaida hukisoma mara mbili. Mama mwenye nyumba, mtu mzima aliyekwisha kustaafu, alituuliza kama tunataka kuuchukua nyumbani tukausome kwanza. Mwenzangu akatikisa kichwa na kutabasamu, maana aliogopa tukiondoka atampa mwingine. Nami nikatabasamu. Nikaandika jina langu chini ya maneno ambayo nilielewa pengine moja katika ishirini.

Ndugu zangu, saini ni ushahidi. Mwislamu anayetia saini anasema: nimesoma, nimeelewa, nitatimiza. Mimi nilitoa ushahidi wa jambo nisilolijua, tena kwa tabasamu.

Mwaka ule wa 2022 vita vya Ukraine vilianza, gesi ya Urusi ikapungua, na bei za nishati zikapanda kote Ulaya. Sisi watoto wa pwani tulikuwa na baridi kweli. Kipasha joto chetu cha ukutani kilikuwa na kitasa chenye namba, kuanzia moja hadi tano. Namba tatu hukipa chumba joto la kiasi cha nyuzi 20. Sisi tuliweka tano, tukaacha tano usiku na mchana, na kwa kuwa hewa ilikuwa nzito tukaacha dirisha limeinamishwa wazi kidogo muda wote. Wenyeji hufungua madirisha yote wazi kwa dakika chache huku wamezima joto, kisha hufunga. Jambo hili lilikuwa limeandikwa katika karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wetu wa jikoni. Tulitundika kalenda ya Swala juu yake.

Malipo ya gharama za kando, wapenzi wangu, ni makadirio tu. Mwaka ukiisha, mwenye nyumba hufanya hesabu kamili: mliotumia pungufu mnarudishiwa, mliozidisha mnaongeza. Katika kila kipasha joto kuna kifaa kidogo cheupe kinachohesabu, na sheria inataka sehemu kubwa ya gharama za joto, kati ya asilimia 50 na 70, igawanywe kwa kufuata matumizi ya kila nyumba. Kifaa kile kilikuwa kinatuhesabia kimyakimya kama malaika wa bega la kushoto, nasi hatukujua hata kazi yake.

Novemba 2023 hesabu ya mwaka 2022 ikafika. Chini yake palikuwa na neno Nachzahlung, yaani malipo ya nyongeza, na tarakimu: yuro 756.

Nitawaeleza nilichofanya, ingawa naona haya kukisema ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Sikumwendea mama yule nimwulize. Nilikwenda kwenye mkusanyiko wa Waswahili wenzangu Jumamosi ile, nikaitoa karatasi mbele yao, nikasema huyu mwanamke ni mwizi, anatuonea kwa kuwa sisi ni weusi na hatujui lugha. Nikasema, tazameni, hesabu ya mwaka jana analeta leo! Nikawaonyesha mstari ulioandikwa Entlastung wenye mamia ya yuro, nikasema hii nayo ni ada mpya ameibuni mwenyewe. Watu wakaguna, kila mmoja akaleta kisa chake, tukaagana tukiwa na uchungu na furaha kwa pamoja, ile furaha mbaya ya kumsema mtu asiyekuwepo.

Kurani Tukufu katika Sura Al-Hujurat inatukataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na hapohapo inakataza kusengenyana. Mara nyingi tunadhani aya hii inahusu Waislamu kwa Waislamu. Mama yule hakuwa Mwislamu. Je, heshima yake ilikuwa halali yangu?

Jumatatu mwenzangu alikuwa tayari amekwisha kuamua. Alisema tuondoke tu, Ujerumani ni kubwa, atatutafuta wapi. Ndipo nilipofungua droo yake kutafuta nakala ya mkataba nikakuta barua kumi na moja zisizofunguliwa. Moja ilikuwa ndani ya bahasha ya manjano, na tarehe ya kufikishwa imeandikwa juu yake kwa mkono. Katika nchi ile bahasha ya manjano hutoka mahakamani au serikalini. Hii ilikuwa ya mahakama, kwa deni la umeme, maana mkataba wa umeme ulikuwa kwa jina lake. Mtu akipokea hati ya namna hiyo ana wiki mbili za kujibu, ama alipe ama apinge. Akinyamaza, mdai anaweza kuomba amri ya kukazia deni. Deni lenyewe lilikuwa yuro 214. Kwa gharama za maonyo na za mahakama lilikuwa limepita 300. Barua nyingine tatu zilikuwa za ada ya redio na televisheni, ambayo kule hutozwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Ilipangwa yuro 18.36 kwa mwezi tangu Agosti 2021. Mwenzangu alidhani ni matapeli, kwa sababu hatukuwa na televisheni. Na kwa kweli ni nani angeamini?

Nilimwuliza kwa nini hakuzifungua. Akasema: “Ndugu yangu, kila nikifungua barua ya Kijerumani najiona mjinga. Zikiwa zimefungwa, naweza kula.”

Nawaomba wazazi mlioketi hapa mlizingatie jibu hilo. Kijana wenu anapowapigia simu na kusema mambo yote ni mazuri, alhamdulillahi, pengine ana droo.

Ijumaa ile nilikwenda Msikiti wa Nuur, Frankfurt, ambao ulifunguliwa mwaka 1959. Baada ya Swala nilimwonyesha karatasi yangu mzee mmoja mwenye asili ya Pakistani ambaye alifika huko miaka ya 1980 akiwa hajui hata kusalimia kwa Kijerumani. Aliisoma yote, akachukua kalamu, akaniuliza swali moja tu: “Dirisha lilikuwa wazi?” Kisha akanieleza mstari kwa mstari. Hesabu ya mwaka 2022 sheria inaruhusu ifike hadi tarehe 31 Desemba 2023. Ikichelewa zaidi ya hapo ndipo mwenye nyumba, kwa kawaida, anapoteza haki ya kudai nyongeza. Kwa hiyo mama hakuchelewa. Na Entlastung, lile neno nililowaonyesha watu kama ushahidi wa wizi, maana yake ni kupunguziwa mzigo. Serikali ilikuwa imebeba sehemu ya gharama za joto za Desemba 2022, na mama mwenye nyumba alikuwa ameitoa sehemu yetu katika deni letu, kama alivyotakiwa. Palikuwa na alama ndogo ya kutoa mbele ya tarakimu. Nilikuwa nimemwita mwizi kwa mstari uleule aliotupunguzia.

Mzee yule hakuishia hapo. Alinipeleka katika chama cha wapangaji, Mieterverein, ambavyo vipo katika miji mingi ya nchi ile. Mtu hulipa ada ya uanachama ya mwaka na hupewa ushauri wa sheria. Mshauri akapata kosa moja la kweli. Kulikuwa na yuro 96 zilizoandikwa gharama za usimamizi. Sheria hairuhusu gharama za usimamizi wala za matengenezo ya jengo kuingizwa katika gharama za kando. Hizo ni za mwenye nyumba. Akaniambia pia kwamba mpangaji ana haki ya kuomba kuziona risiti zenyewe, na kwamba ana miezi kumi na miwili tangu apokee hesabu ya kutoa pingamizi lake. Na kwa walio huko sasa nitaongeza kwamba tangu Julai 2024 ada ya televisheni ya waya nayo haiwezi tena kuwekwa katika hesabu hiyo.

Tulikwenda kwa mama yule, mimi na mzee. Mzee alizungumza, mimi nikawa nimekaa kama bibi harusi. Aliposikia habari ya zile yuro 96 alivaa miwani, akatazama, akasema alitumia fomu ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaufuta mstari ule palepale. Zikabaki 660. Mzee akamwomba atupe muda. Akakubali tulipe 110 kwa mwezi kwa miezi sita, bila ya nyongeza. Yule mwanamke asiyeisoma Sura Al-Baqara alifanya lile ambalo Sura Al-Baqara inaliamrisha kuhusu mdaiwa aliye katika dhiki, kwamba apewe nafasi mpaka apate wepesi.

Niliporudi nyumbani na habari hiyo, chumba cha mwenzangu kilikuwa kitupu.

Mkataba tulikuwa tumeutia saini wote wawili, na katika sheria yao waliotia saini pamoja hudaiwa pamoja. Mmoja akikimbia, aliyebaki hulipa yote. Nililipa zile 660, na za kwake ndani yake, 330. Nilifundisha hesabu watoto wa watu jioni ili niweze. Sikuwa mwema, nilikuwa na hasira kila mwezi. Lakini kila nilipofikiri kukimbia mimi pia, nilikumbuka ile Hadithi ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume Mtukufu s.a.w., naye akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulilipia, hakumsalia mpaka Abu Qatada r.a. alipolichukua deni lile juu yake. Yule alikuwa Sahaba. Mimi ni nani hata nife na deni la kipasha joto?

Jambo jingine lilitokea ambalo halikuwa na wepesi. Ndugu mmoja kutoka Mombasa alikuwa akitafuta chumba, nami nikampeleka kwa mama, maana chumba cha mwenzangu kilikuwa wazi. Mama alitukaribisha chai, kisha akasema kwa upole kwamba hapana, amepata usumbufu mara moja na umri wake haumruhusu kupata mara ya pili. Nilijaribu kumweleza kwamba huyu ni mtu mwingine. Aliitikia kwa kichwa, lakini jibu lake lilibaki lilelile. Ndugu yule alilala katika chumba cha watu wanne kwa miezi mitano. Hakumjua aliyekimbia, wala hajapata kumwona. Na mimi sikuweza kumlaumu mama peke yake, kwani yale niliyosema Jumamosi ile yalikuwa yamesambaa miongoni mwa Waswahili, na nililazimika kurudi kwenye mkusanyiko uleule, mbele ya watu walewale, niseme nilimzulia. Walionisikiliza siku hiyo walikuwa wachache kuliko walionisikiliza siku ya kwanza.

Nilihama mwisho wa Agosti 2024, baada ya kutoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla, kama sheria inavyotaka. Dhamana ilirejeshwa baada ya hesabu za mwisho, yote 1,860 na faida yake ndogo. Nusu yake, 930, ilikuwa ya mwenzangu. Nikakaa na swali hilo siku kadhaa. Shetani alinionyesha usiku niliofundisha watoto wa watu, nami nikaona kama fedha zote ni haki yangu. Lakini yeye alikuwa na deni la 330 kwangu, siyo la 930. Nilitoa 330, nikamtafuta kwa njia za watu, nikampelekea 600 na sehemu yake ya faida, pamoja na karatasi ya hesabu. Hakujibu kwa wiki nzima. Kisha akapiga simu usiku. Hakuuliza chochote kuhusu fedha. Aliuliza kama yule mama bado anamkumbuka kwa ubaya. Nikamwambia amwulize mwenyewe, nikampa namba. Sijui kama alipiga.

Sasa nawageukia vijana mnaojiandaa kusafiri, iwe Ujerumani, Oman, Uturuki au kwingineko. Sitawapa sheria za kila nchi, maana sizijui. Lakini katika nchi yoyote ulizeni kabla ya saini: tarakimu hii inabeba nini na haibebi nini? Kuna malipo gani mwanzoni, kila mwezi, mwisho wa mwaka, na siku ya kuondoka? Nikitaka kuhama nitoe taarifa lini, tena kwa karatasi au kwa maneno? Picha za kuta na sakafu pigeni siku ya kuingia, siyo siku ya kugombana. Na mtafuteni wali yenu wa lugha kabla hamjapata matatizo. Aya ile haikusema asiyeweza kutamka anyamaze. Imesema msimamizi wake atamke kwa uadilifu. Kwa hiyo kuomba mtu akusomee siyo aibu, ni kuitumia njia iliyowekwa.

Lakini wali wa lugha ni wa muda. Mtume Mtukufu s.a.w. alipopata barua kwa lugha na maandishi ya Mayahudi hakuridhika kutegemea msomaji asiyekuwa na hakika naye, bali alimwagiza Zaid bin Thabit r.a. ajifunze, na Hadithi inataja kwamba hata nusu ya mwezi haikutimia alipoweza. Mimi nilikaa miaka miwili nikisema sina wakati wa darasa la lugha, ilhali masomo ya jioni katika vyuo vya watu wazima yalikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Wanaume mtakaowafuatisha wake zenu, wapelekeni darasani wao kwanza. Barua huja mchana, na mchana nyinyi mko kazini.

Ninalo la mwisho, na hili ni la wenye nyumba mliomo humu, nikianza na ukoo wangu. Niliporejea nilikuta katika nyumba ya familia yetu Ilala mpangaji kutoka Komoro, aliyemleta mkewe kutibiwa. Kiswahili chetu anakisikia kwa mbali, anasoma Kifaransa na Kiarabu. Mkataba wake ulikuwa nusu ukurasa wa Kiswahili, wenye kodi ya mwezi na saini. Baada ya kuingia ndipo alipoanza kudaiwa: fedha ya maji, fedha ya taka, fedha ya mlinzi, na umeme wa LUKU unaogawanywa kwa vichwa, ingawa chumba chake kina taa moja na cha jirani yake kina friji na pasi. Kila mara alikuwa akilipa na kutabasamu. Nililifahamu tabasamu lile. Nilikuwa nalo mimi, Offenbach.

Nilimwuliza ndugu yangu anayesimamia nyumba kwa nini hayo yote hayakuandikwa. Akanijibu kwamba mbona kila mtu anajua. Ndiyo, kila mtu aliyezaliwa Ilala anajua. Na kule kila mtu aliyezaliwa Offenbach anajua maana ya kodi baridi.

Tulimwomba mwalimu wetu wa madrasa akae nasi. Akaandika mkataba upya, Kiswahili upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, kila malipo na kiasi chake, na umeme ukapangwa kwa vifaa alivyo navyo mtu chumbani. Mwalimu akamsomea mpangaji kwa sauti, na mpangaji akasimamisha usomaji mara nne kuuliza. Katika zile fedha za maji tukaona alizidishiwa kwa miezi mitano. Ndugu yangu alinung’unika kidogo, akazirudisha.

Mwalimu amekubali kukaa hapa msikitini kila Jumanne baada ya Isha, nami nitakaa pamoja naye. Mwenye mkataba asiouelewa, wa hapa au wa nje, aje nao. Mwenye nyumba aliye na mpangaji mgeni, aje naye huyo mpangaji. Na kijana aliye na barua ambazo hajazifungua azilete kama zilivyo, tutazifungua pamoja, hatutamwuliza zimekaa tangu lini.